Timbo la matumbawe: kukata jiwe bila kuharibu kisima, pumzi wala shamba

Ukivuka daraja la Nyali kuelekea Kisauni, Mtopanga, Bamburi hadi Shanzu, au ukivuka feri kwenda Likoni na kuendelea Waa na Tiwi, chini ya udongo mwembamba unakanyaga jiwe lilelile. Ni matumbawe yaliyokuwa hai baharini yapata miaka 125,000 iliyopita, wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo. Kuta za Ngome ya Yesu, iliyojengwa kati ya 1593 na 1596, ni za jiwe hilo, na nyumba nyingi za Mombasa bado hujengwa kwalo. Basi hatusemi watu waache kuchimba. Tunasema kuna namna ya kuchimba timbo, yaani shimo la kutolea mawe.

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kulifikiria shimo baada ya jiwe kwisha. Siku hiyo lori zimeshakwenda, vibarua wametawanyika na pesa zimeliwa na nyumba. Kinachobaki ni shimo, mbu, na watoto wa jirani wanaoogelea pasipo mtu wa kuwatazama. Kwa hivyo kila hatua hapa chini inafanywa timbo likiwa bado linauza.

Kabla ya sururu ya kwanza: jua maji yako wapi

Jiwe la matumbawe lina matundu na nyufa. Mvua hupenya moja kwa moja na kutulia chini kama tabaka la maji matamu linaloelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini. Maji matamu ni mepesi kidogo tu kuliko ya chumvi, ndiyo maana tabaka hilo hukaa kwa kanuni moja: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubebwa na takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Geuza hesabu hiyo uone hatari yake. Ukishusha maji kwa nusu mita kwa kuyapiga pampu, baada ya muda chumvi inaweza kupanda mita 20 kutoka chini. Kisima cha jirani kitaonja chumvi hata kama hamjawahi kugombana.

Kwa hivyo kazi ya kwanza ni kutafuta kiwango cha juu kabisa cha maji. Zungukia visima vyote vilivyo ndani ya mita 300 na uombe ruhusa ya kupima. Funga jiwe dogo kwenye kamba, shusha mpaka liguse maji, tia alama kwenye kamba usawa wa mdomo wa kisima, kisha pima urefu kwa futi ya fundi. Midomo ya visima haiko usawa mmoja, kwa hivyo hamisha kipimo hadi kwenye shamba lako kwa ule mpira mwembamba wenye maji ambao mafundi wa ujenzi hutumia kupata leveli. Pima mara mbili: mwezi wa Juni masika yanapokwisha, na siku za bamvua, maji ya bahari yakiwa yamejaa. Kiwango cha juu zaidi kati ya hivyo ndicho cha kushika.

Juu ya kiwango hicho acha mita 2 za jiwe zima. Hapo ndipo sakafu ya timbo lako. Kama hesabu inakuonyesha kwamba jiwe la kuuza litakuwa futi 4 tu, basi shamba hilo si la timbo, na ni afadhali ulijue leo kuliko baada ya kukodi msumeno.

Siku hiyohiyo pima chumvi. Kifaa cha mkononi cha kupima upitishaji wa umeme kwenye maji si ghali, na maabara za maji pia hupima. Maji ya bahari husoma karibu 50,000 kwa kipimo cha maikrosimensi kwa sentimita, na kisima cha kunywa kinatakiwa kiwe chini ya 1,500 au hapo karibu. Andika kila kisima, tarehe, hali ya bahari na namba. Daftari hili ndilo litakalokutetea kisima kikiharibika kwa sababu isiyokuhusu, na ndilo litakalomtetea jirani kama sababu ni wewe. Baada ya hapo pima kila mwezi. Namba ikipanda kwa robo kuliko mwezi kama huo mwaka uliopita, simamisha pampu yoyote iliyo timboni kwanza, halafu ndipo utafute sababu.

Vibali

Timbo halianzi bila leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya mwaka 1999. Ripoti huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA, na kila mwaka timbo hufanyiwa ukaguzi wa mazingira. Jiwe la ujenzi pia limo katika Sheria ya Madini ya 2016, kwa hivyo kibali cha uchimbaji kinahusika, na sheria hiyo inadai mpango wa kurudisha ardhi. Kaunti nayo ina vibali vyake. Mahali pa kazi panasajiliwa kwa idara ya usalama na afya kazini, na wafanyakazi wawekewe bima ya kuumia kazini.

Wengi huiona ripoti kama karatasi ya kununua. Isome. Ukiona imeandika kisima kilicho umbali wa mita 800 na wewe unakijua kilicho mita 60, irudishe ikaandikwe upya. Kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kutetea haki ya mazingira safi bila kuonyesha hasara yake mwenyewe. Ripoti ya uongo ndiyo itakayosomwa hapo kwa sauti.

Kama karibu kuna kaya ya Wamijikenda, yaani msitu wao mtakatifu, pango la ibada au pango la popo, mahali hapo si pa kuchimba. Kaya kadhaa ziliingizwa katika urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2008, lakini wazee wake walikuwa wakizilinda kabla ya karatasi zote hizi. Zungumza nao kabla ya kupima mpaka.

Fungu la shimo

Hesabu hii ifanye kabla ya kupanga bei. Chukua ekari moja, mita za mraba 4,047. Kingo, njia ya lori na lundo la udongo vitachukua karibu robo, kwa hivyo utachimba mita za mraba 3,000. Kwa kina cha mita 3 utatoa mita za ujazo 9,000. Tuseme nusu ndiyo jiwe la kuuzika na nusu ni kifusi, maana matumbawe yana mifuko ya udongo na matundu. Umebaki na mita za ujazo 4,500. Jiwe la sentimita 20 kwa 20 kwa 40 ni mita za ujazo 0.016, kwa hivyo ekari hiyo ina mawe kama 281,000.

Ukitenga shilingi 3 kwa kila jiwe kwa kazi ya kurudisha shamba, utakuwa na zaidi ya shilingi 840,000 timbo likifungwa. Kama bei za tingatinga na miche huko kwako zinadai zaidi, tenga shilingi 4. Pesa hizo zikae kwenye akaunti yenye sahihi tatu: mwenye timbo, mwenye shamba na mtu mmoja wa kamati ya mtaa. Zikikaa mfukoni mwa mtu mmoja zitaliwa, hata kama mtu huyo ni mwema. Na zitoke kidogokidogo, kila kipande cha timbo kinapofungwa.

Kupanga timbo kwa pepo

Mwambao una pepo mbili kubwa na kila mtu anazijua, ila ni wachache wanaozitumia wakati wa kuweka msumeno. Kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huvuma kutoka kaskazini mashariki, kwa hivyo vumbi huenda kusini magharibi. Kusi, takriban Aprili hadi Septemba, huvuma kutoka upande wa kusini na kusini mashariki, na vumbi hupanda kaskazini na kaskazini magharibi. Januari na Februari ndiyo miezi mikavu zaidi. Kwa hivyo nyumba zilizo kusini magharibi mwa timbo ndizo zitakazoumia zaidi, ijapokuwa kusi hudumu muda mrefu.

Weka msumeno na mashine ya kusaga kokoto ndani ya shimo lenyewe mara tu nafasi inapopatikana, si juu ukingoni. Ukuta wa mita 2 au 3 unazuia vumbi na kelele kuliko turubali lolote. Lundo la kifusi liwekwe upande wa nyumba zilizo karibu, likiwa kama boma. Na mpaka wa shimo na shamba la jirani uwe mara moja na nusu ya kina: ukichimba futi 10, acha futi 15.

Udongo wa juu ni mtaji

Juu ya matumbawe udongo ni haba, mara nyingi sentimita 10 hadi 50. Ukichanganyika na kifusi umepotea, na hakuna lori litakalokuletea mwingine kwa bei unayoweza. Utoe kwanza, peke yake, udongo ukiwa mkavu. Ulimbike kwa urefu usiozidi mita 2, kwa sababu lundo refu hukosa hewa ndani na vijidudu vinavyolisha mimea hufa. Panda kunde au choroko juu yake mvua zinapoanza, ili mizizi iushike na majani yaurutubishe. Sentimita 20 kwenye mita za mraba 3,000 ni mita za ujazo 600. Hesabu lori zake ujue kama zote zimefika kwenye lundo, maana udongo mwekundu huuzwa usiku.

Kukata, na ukuta unaosema

Kwa sururu na mtaimbo, ngazi moja isizidi mita 1.5 kwenda juu, na upana wake uwe sawa na urefu. Msumeno wa reli hukata ukuta ulionyooka zaidi, lakini ukuta ulionyooka si ushahidi kwamba uko imara. Matumbawe yana mapango yasiyoonekana, na mvua ya masika huosha udongo uliokuwa umeyashikilia.

Kila asubuhi, na kila baada ya mvua, msimamizi apite na mtaimbo akigonga ukuta kabla ya mtu yeyote kushuka. Jiwe zima hulia kama kengele nzito na mtaimbo huruka mkononi. Jiwe lenye pango nyuma yake hujibu kwa mvumo mfupi uliozibwa, kama kugonga dafu. Ukiusikia mvumo huo, tia alama ya rangi, ondoa watu mita 5 kila upande, na uliangushe kutoka juu. Usilichimbe kutoka chini kamwe. Kuchimba chini ya ukuta, ili uanguke wenyewe uokoe muda, ndiyo njia ya haraka ya kumfukia mtu, na hufanywa hasa saa za jioni watu wakiwa wamechoka.

Mafuta ya dizeli na oili yakae kwenye sinia la chuma au zege lenye kingo, nje ya shimo. Choo cha wafanyakazi kisichimbwe kwenye sakafu ya timbo hata kwa wiki moja. Jiwe hili halichuji maji kama udongo unavyochuja. Kinachodondoka leo kinaweza kufika kisimani kikiwa hakijabadilika. Tumia tangi lililofungwa linalonyonywa, likae juu ya ukingo.

Vumbi: matumbawe si jiwe la Mazeras

Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi hawajaambiwa. Vumbi la matumbawe kwa sehemu kubwa ni chokaa, yaani kalsiamu kabonati. Linawasha macho, linakausha koo, linazidisha pumu na kikohozi, na mtu anayelivuta kila siku atadhoofika. Lakini jiwe la Mazeras, lile bapa la rangi ya manjano na hudhurungi linalotandazwa kwenye veranda na kuta za nje, ni jiwe la mchanga, na mchanga huo ni kwatzi, madini ya silika. Vumbi lake laini likiingia mapafuni halitoki. Linaacha makovu ambayo huendelea kukaza hata baada ya mtu kuacha kazi, na yanamweka karibu zaidi na kifua kikuu. Ugonjwa huo unaitwa silikosisi na hauna dawa ya kuuponya. Basi kama unapeleka vijana wako wenye uzoefu wa timbo la Bamburi kwenda kukata jiwe la Mazeras, usidhani tahadhari ni zilezile.

Kwa mawe yote mawili, maji ndiyo dawa ya kwanza: mpira mdogo unaonyunyiza pale meno ya msumeno yanapogusa jiwe, si hatua mbili pembeni. Usitumie maji ya bahari, yatakula mashine. Barakoa iwe ya daraja la FFP2 au N95, iliyobana pande zote. Kitambaa cha kichwani au barakoa ya hospitali haizuii vumbi laini, kazi yake ni kumpa mtu moyo wa kukaa ndani ya vumbi muda mrefu zaidi. Ndevu huvunja mbano. Barakoa ikilowa jasho au ikianza kuwa ngumu kupumulia, ibadilishwe siku hiyohiyo. Kwa jiwe la Mazeras kukata kukavu kusiwepo kabisa, hata kwa jiwe moja tu la kumalizia.

Nguo za kazi zibaki timboni. Mama anayezikung'uta uani pamoja na mtoto mchanga anavuta vumbi lilelile bila mshahara.

Barabara nayo ni chanzo. Njia ya mita 200 kwa mita 4 ni mita za mraba 800, na lita moja kwa kila mita ni lita 800 kwa mzunguko mmoja wa kunyunyiza. Jua la kaskazi huyakausha upesi. Kabla ya kumaliza maji ya kijiji, tandaza kokoto kubwa kwenye njia, weka kikomo cha kilomita 20 kwa saa, na kila lori litoke limefunikwa turubali. Hivyo utapunguza vumbi kwa kiasi ambacho maji peke yake hayafikii.

Kwa kelele, kipimo rahisi ni hiki: kama unalazimika kupaza sauti kumwambia neno mtu aliye mita moja mbele yako, masikio yanaumia na viziba masikio vinahitajika.

Maji yaliyotuama

Timbo zima la matumbawe halipaswi kushika maji kwa zaidi ya siku moja au mbili baada ya mvua. Likishika, kuna sababu mbili tu, na tiba zake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni tope jeupe. Unga wa msumeno ukichanganyika na maji huwa kama lipu, unaziba matundu ya sakafu na kutengeneza beseni. Ya pili ni kwamba umeshafika kwenye maji ya ardhini. Zitofautishe hivi: piga msumari kwenye ukuta usawa wa maji, kisha rudi bahari inapojaa na inapokupwa, hasa siku za bamvua. Maji yakipanda na kushuka, hata kwa upana wa vidole viwili na hata kwa kuchelewa saa kadhaa, umefikia maji ya ardhini. Yakishuka polepole tu bila kupanda, ni tope. Kifaa cha chumvi nacho kitakuambia: maji ya mvua yaliyotuama husoma namba ndogo, ya ardhini husoma kama kisima cha jirani.

Kama ni tope, kwangua sakafu, vunja uso wake kwa mtaimbo, na kuanzia hapo ongoza maji ya msumeno kwenye mabwawa matatu madogo yanayofuatana. La kwanza linashika chembe nzito, la pili laini, la tatu unalichota kurudisha kwenye msumeno. Tope lizolewe kila wiki na kukaushwa. Usilimwage kwenye mkondo unaoelekea mikokoni, kwa sababu huziba mizizi ya mkoko inayopumua.

Kama ni maji ya ardhini, usiyapige pampu. Rudisha kifusi safi cha jiwe mpaka mita 2 juu ya alama ya juu ya maji. Ni hasara, na ni yako.

Siku zinahesabika kwa sababu ya mbu. Kutoka yai hadi mbu anayeruka ni siku 7 hadi 14 kulingana na joto, kwa hivyo kagua mara moja kila siku 5. Chukua upawa mweupe, chota pembeni penye nyasi au kivuli, tazama. Kiluwiluwi aliyelala sambamba na uso wa maji ni wa mbu aenezaye malaria. Anayening'inia kichwa chini ni wa jamii nyingine, wakiwemo wanaoeneza matende. Na usisahau mapipa na magurudumu ya zamani ya lori. Humo huzaana mbu wa dengi na chikungunya, na magonjwa yote mawili yameshalipuka Mombasa. Toboa magurudumu au uyaondoe.

Bwawa unalokusudia kulibakiza lipandwe perege, wawili kwa kila mita ya mraba. Hula viluwiluwi na huvumilia maji yenye chumvi kidogo. Kingo zisafishwe nyasi, maana konokono wa kichocho hukaa humo. Upande mmoja uwe na mteremko wa mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 kwenda chini, ili mtoto aliyeteleza aweze kutambaa kutoka. Mashimo yenye kuta wima pande zote nne huua hata anayejua kuogelea. Zungusha boma la kifusi la urefu wa mita 1, na juu yake panda mkonge kwa safu mbili.

Watakuja watu na lori wakisema watakujazia shimo bure. Uliza wanajaza kwa nini. Taka za sokoni, za gereji na za kiwandani zikiwekwa kwenye jiwe lenye matundu, maji yake yatanywewa. Mtaa wa Owino Uhuru, karibu na Mikindani, umeonja madini ya risasi yaliyotoka kwenye kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3, lakini risasi ikishaingia mwilini mwa mtoto na kumgusa ubongo, fidia haimrudishii kilichopotea. Kifusi cha jiwe na udongo safi tu ndivyo viingie.

Kurudisha shamba kwa mvinje na jongoo

Mombasa ina mfano wake, na uko kando ya barabara ya Malindi. Mwaka 1971 René Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya saruji ya Bamburi, sakafu nyeupe isiyo na udongo, maji ya chumvi yakiwa chini yake tu. Alijaribu aina 26. Chache mno zilishika, na mvinje ndio uliokimbia. Leo mahali hapo ni msitu unaoitwa Haller Park. Si lazima uwe na kampuni ya saruji ili ufuate njia yake.

Anza na kipande kilichokwisha chimbwa, hata kama pembeni msumeno bado unalia. Vunja sakafu kwa mtaimbo au kucha ya tingatinga, sentimita 50 kwenda chini. Chimba mashimo ya sentimita 40 kila upande, kwa umbali wa mita 2. Kwenye mita za mraba 3,000 ni mashimo 750, na yote yanadai takriban mita za ujazo 48 za udongo pamoja na samadi, kwa hivyo hata udongo ukiwa haba, jaza mashimo kwanza kabla ya kutandaza. Changanya sehemu mbili za udongo wa juu na moja ya samadi iliyooza.

Agiza miche 835, kwa sababu moja kati ya kumi itakufa. Na hapa ndipo watu hukosea: mche wa mvinje kutoka kitalu cha udongo mgeni mara nyingi hauna yule mwenzake wa mizizini. Mvinje hujitengenezea mbolea ya naitrojeni kwa msaada wa bakteria waishio kwenye vinundu vya mizizi. Nenda kwenye mvinje mkubwa wenye afya, fukua kidogo, utaona vinundu vya kahawia vilivyoshikana kama tangawizi ndogo. Chukua kiganja kimoja, ponda, tia kwenye lita 10 za maji ya mvua au ya kisima, wala si ya bomba yenye klorini, na umwagilie kila mche nusu kikombe wiki mbili kabla ya kupanda. Mche usiopata kitu hiki hugeuka manjano mwezi wa tatu, na mwenye timbo husema ardhi imekataa.

Panda mvua za kwanza za masika zikishalowesha sentimita 30, mwishoni mwa Machi au Aprili. Kiangazi cha kwanza, Januari hadi Machi, kila mche upate lita 5 mara mbili kwa wiki. Maji ya bwawa la tatu la msumeno yanafaa.

Baada ya miaka miwili au mitatu utaona zulia la majani membamba ya mvinje lisilooza. Yana virutubisho vichache na tanini nyingi, na chini yake hakuna kinachoota. Haller alitatua hilo kwa jongoo wakubwa weusi wenye miguu myekundu. Wanakula majani hayo, na kinyesi chao ndicho udongo wako mpya. Zulia likifika sentimita 5, kusanya jongoo mia kadhaa kutoka mashamba ya jirani wakati wa mvua, waachie jioni mahali penye unyevu, na usipige dawa ya wadudu tena hapo.

Mwaka wa nne anza kupunguza mvinje, mti mmoja katika kila mitatu, usikate kipande chote kwa mara moja. Boriti na fito zinauzika, na pesa hizo zirudi kwenye fungu. Kwenye nafasi zilizofunguka panda mbambakofi, mkwaju, mvule na mitini ya asili. Mitini ipande karibu na kuta, kwa sababu mizizi yake huingia kwenye nyufa na kushika jiwe, na matunda yake huwaita ndege wanaoleta mbegu nyingine bila malipo.

Visima viendelee kupimwa kila miezi miwili kwa miaka miwili baada ya jiwe la mwisho kutoka. Siku ya kufunga akaunti, daftari la visima likabidhiwe mwenye shamba na nakala moja ibaki kwa kamati ya mtaa, ikionyesha alama ya juu ya maji na mahali sakafu ilipoishia, ili atakayekuja kujenga au kuchimba kisima hapo ajue ana mita ngapi za jiwe chini ya miguu yake.